Kufilisika, kufilisiwa na kutangazwa mufilisi: madeni ya kando ya ziwa letu

Wadau, kuna neno moja kwenye lugha yetu ambalo lina sura tatu, na sisi tunazitumia kama vile ni kitu kimoja. Mtu anaweza kufilisika, yaani biashara imekufa na mfukoni hamna kitu. Anaweza kufilisiwa, yaani dalali amekuja na lori, kachukua friji, makochi na cherehani ya mama watoto. Halafu kuna kutangazwa mufilisi, na hiyo ni amri ya Mahakama Kuu. Sura mbili za kwanza kila mtu hapa Mwanza anazijua, kama hazijampata yeye basi zimempata jirani. Ya tatu ndiyo nataka tuizungumzie leo.

Kazi yangu inanilazimisha kusoma mpaka ule ukurasa wa matangazo ambao wengine mnafungia maandazi. Matangazo ya mnada hayakosekani: nyumba Igoma, kiwanja Buhongwa, nyumba na fremu za maduka Nyamanoro, "kwa niaba ya benki". Lakini tangazo la mtu wa hapa kwetu aliyekwenda mwenyewe mahakamani akasema jamani nimeshindwa, gawaneni hiki nilichonacho halafu mniache nianze upya, mimi sijawahi kukutana nalo. Na sheria ya kumruhusu afanye hivyo ina umri mkubwa kuliko babu yangu. Ilitungwa mwaka 1930.

Kwa nini basi haijulikani? Nimekuwa nikijiuliza swali hili kwa muda, na jibu nililolipata halipo kwenye sheria yenyewe. Lipo kwenye historia ya nani alikuwa anaruhusiwa kukopa, na aliweka nini rehani.

Kidogo kuhusu neno lenyewe. Limetoka kwenye Kiarabu, muflis, na wanaojua lugha hiyo wanalihusisha na fulus, visarafu vya shaba. Muflis ni yule aliyekuwa na dinari za dhahabu na dirhamu za fedha, sasa amebakiwa na visarafu. Ni neno la wafanyabiashara tangu mwanzo, na hata lilipofika huku lilifuata biashara.

Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli zikaanza kuzunguka ziwa, na Mwanza, ingawa ilikuwa ya Mjerumani, ikawa inapeleka ngozi na mazao yake kupitia Kisumu. (Reli yetu wenyewe kutoka Tabora ilifika 1928, Mjerumani ameshaondoka zamani.) Biashara hiyo ilikwenda kwa mkopo kutoka juu mpaka chini. Jumba kubwa la biashara lilimpa bidhaa kwa mali kauli mfanyabiashara wa mjini, huyo akampa mwenye duka wa Nansio au Musoma, na mwenye duka akasubiri mavuno ili alipwe. Alidina Visram, Mhindi aliyeanzia pwani akaja kutapakaza maduka kwenye njia ya reli na pembezoni mwa ziwa, alijenga himaya yake kwa mtindo huo. Alifariki 1916, na himaya ile haikudumu.

Mnyororo wa aina hiyo ukikatika sehemu moja, wote wanaanguka. Wa Musoma asipolipa, wa Mwanza anakwama, na wa Mombasa anapeleka kesi. Katika hali hiyo wadai wanakimbizana: anayewahi kukamata mali ndiye anayelipwa, wengine wanabaki wanatazamana. Sheria ya kufilisi ilikuja kuzuia mbio hizo. Ile ya Tanganyika ya 1930 ilifuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya 1914. Mdaiwa mwenyewe au mdai wake anapeleka maombi mahakamani. Mahakama ikikubali, mali zote zinawekwa chini ya ofisa wa serikali, wadai wanaitwa kwenye mkutano, mdaiwa anahojiwa hadharani chini ya kiapo, na kinachopatikana kinagawanywa kwa uwiano. Baadaye anaweza kuomba mahakama imwachie huru na madeni yaliyobaki.

Ni utaratibu mzuri tu, kwa mwenye duka. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu hakuwa na mahali humo, kwa sababu ilikuwepo sheria nyingine iliyomhusu yeye. Tangu 1923, na tena kwa sheria ya 1931, serikali ya kikoloni ilizuia Waafrika kukopeshwa. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani isipokuwa makubaliano yawe ya maandishi na yameidhinishwa na ofisa wa serikali. Maelezo yalikuwa kwamba wanamlinda mwenyeji asinyonywe. Huenda kweli baadhi ya maofisa waliamini hivyo. Lakini hebu fikiria wewe ndiye mfanyabiashara wa Kisukuma unayetaka kufungua duka lako mwaka 1935. Nani atakupa mzigo wa mali kauli wakati anajua ukimkimbia hana pa kukushtakia?

Tena hukuwa na ardhi ya kuweka rehani. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilifanya karibu ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana, na shamba la mtu wa kawaida lilishikwa kwa mila, bila hati. Benki hazikuwa na cha kushika hapo.

Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na hadithi ya kinyume. Kule wenye mashamba ya karafuu walikuwa na ardhi yao inayouzika, wakaiweka rehani kwa wakopeshaji, na bei ya karafuu ilipoporomoka kwenye mdororo wa miaka ya 1930 mashamba yakaanza kwenda. Mwaka 1934 serikali ikaingilia: ikasimamisha udai wa madeni hayo na kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine bila kibali. Yaani kule mtu alikuwa na rehani hadi inamuua, huku kwetu hakuna aliyemkopesha mpaka afikie kuhitaji kufilisiwa. Kote kuwili ile sheria nzuri ya mahakamani ilibaki ya wachache.

Ndiyo maana ushirika ulishika moto hapa kuliko sehemu nyingi. Paul Bomani, kabla ya kuwa mwanasiasa na baadaye Waziri wa Fedha, alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba vikaungana kuwa Victoria Federation, na ndani ya miaka michache ilikuwa inashika pamba ya Jimbo la Ziwa na kununua vinu vya kuchambulia. Mtu mmoja mmoja asiyekopesheka akakopesheka akiwa kundi.

Ila deni la kundi lina tabia yake. Federation ikaja kuwa Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1960, vyama vikuu vikavunjwa 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa vimezama kwenye madeni ya benki. Wazee wanasema "tulikopwa". Lisikilize vizuri neno hilo. Siyo "tulikopesha", maana anayekopesha ameamua. Mkulima alipeleka pamba, akapewa karatasi, akaambiwa njoo baadaye. Kisheria alikuwa mdai na chama ndicho mdaiwa. Kwa hali halisi, yeye ndiye aliyeshindwa ada ya mtoto.

Wakati huo serikali ilikuwa inasafisha mabenki. Benki ya Nyumba, THB, iliyoanzishwa 1972 ili watu wajenge, ilikuwa imejaa mikopo isiyolipika na ikafungwa 1995. Mwaka 1991 ilikuwa imeundwa LART, chombo maalumu cha kukusanya madeni sugu ya mabenki ya umma, na chombo hicho kilikuwa na mahakama yake. Wenye umri mnakumbuka lile jina lilivyoogopwa. Vijana wa umri wangu tumelikuta kwenye makaratasi tu.

Sasa nije kwenye samaki, maana huko ndiko familia yetu ilikoonjeshwa.

Mimi nilikuwa sijazaliwa, habari hii naijua kwa mama. Mjomba wangu alikuwa mvuvi Kayenze. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vinachipuka kando ya ziwa, sangara anapanda ndege kwenda Ulaya, na kila mtu anataka mtumbwi wenye mashine. Fedha ya mashine mjomba hakuwa nayo. Wakala mmoja akampa mashine na nyavu kwa mkopo, masharti ni mawili: samaki wote amuuzie yeye, kwa bei anayopanga yeye, mpaka deni liishe. Karatasi ilikuwa moja, na aliyeweka dole gumba kama mdhamini ni kaka yake mkubwa mwenye ng'ombe.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Haikuwa mara ya kwanza, mwaka mmoja nyuma kulikuwa na zuio jingine la sababu ya kipindupindu. Viwanda vikapunguza kununua, bei ikaanguka mwaloni, lakini deni la mashine halikuanguka hata senti. Katikati ya hapo nyavu zikaibwa ziwani, jambo ambalo mvuvi yeyote atakwambia ni la kawaida kama mvua. Tanzania ilifunguliwa tena mwaka 2000. Mjomba alikuwa ameshavuka usiku kwenda Ukerewe, na hakurudi nyumbani hadi bibi alipofariki. Ng'ombe wa kaka yake walichukuliwa.

Nimewahi kujiuliza: ingekuwaje kama badala ya Ukerewe angepanda basi dogo mpaka mjini, akaingia Mahakama Kuu hapa Mwanza, akaomba atangazwe mufilisi? Twende naye hatua kwa hatua, maana hapa ndipo sheria inapoonekana inashika nini na inaacha nini.

Kwanza angepumua. Amri ya kukabidhi mali ikishatolewa, mdai wa kawaida, yule asiye na rehani, haruhusiwi kumshtaki wala kukamata mali bila kibali cha mahakama. Duka alilokopa unga, jirani aliyemkopesha nauli, wote wanaingia kwenye foleni moja. Kodi za serikali na mishahara ya vibarua vinatangulia mpaka kiwango fulani, waliobaki wanagawana kwa uwiano. Nguo, matandiko na vyombo vya kazi yake angeachiwa, ingawa ni kwa thamani ndogo sana, na mashine ya mtumbwi isingeingia humo.

Pili, mwenye rehani yupo nje ya foleni. Hili ndilo jambo kubwa na ndilo watu hawalijui. Aliyeshika mali yako kama dhamana haathiriki na wewe kutangazwa mufilisi: anaiuza mali ile, anajilipa, na kama haikutosha ndipo anakuja kwenye foleni kudai kilichobaki kama mdai wa kawaida. Sheria inafuta deni lako binafsi, haifuti mshiko wake juu ya nyumba.

Tatu, na hili ndilo lililonikata maini, kuachiwa huru kwa mufilisi hakumwachii mdhamini wake. Hata kama mjomba angefuata taratibu zote, akahojiwa hadharani, akasafishwa na mahakama, ng'ombe wa kaka yake wangekwenda vilevile. Mama nilipomweleza alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe bora alivyokimbia, angalau hakuwalipa na mawakili."

Sikuwa na jibu. Sheria hii inamtaka mtu asiye na kitu atafute wakili, afungue shauri Mahakama Kuu, atangazwe kwenye Gazeti la Serikali, halafu wadai wake wawili muhimu, mwenye rehani na aliyemshika mdhamini, waendelee kama vile hakuna kilichotokea. Ukilitazama hivyo, kimya cha ule ukurasa wa matangazo kinaeleweka.

Njia ya kesi ya kawaida nayo ina mambo yake. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 inakataza kukamata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake ili kulipia hukumu. Watu wengi hawaijui kinga hii. Lakini siku ulipotia saini hati ya rehani uliivua mwenyewe, kwa hiyo haiwafai wale wa matangazo ya benki. Sheria hiyohiyo inaruhusu mdaiwa kufungwa jela kama mfungwa wa madai, kwa muda usiozidi miezi sita, na mdai ndiye analipia chakula chake. Ukitoka, deni liko palepale. (Nani alifikiria kwamba mtu atapata fedha akiwa Butimba, sijui.)

Kwa wenye nyumba, ulinzi halisi upo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Kabla ya hapo nyumba za watu zilikuwa zinaondoka na mwenye ndoa hana habari. Sasa rehani ya nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mke au mume. Ukishindwa kulipa lazima upewe notisi, na tangu marekebisho ya 2008 muda wake ni siku 60. Anayeuza ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayowezekana, na nyumba ikienda kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Nimehudhuria minada michache kikazi. Wanunuzi ni walewale, wanajuana, na mwenye nyumba mara nyingi amesimama ng'ambo ya barabara anajifanya mpita njia.

Siku hizi madeni yanayowatesa watu wa umri wetu hayana hata nyumba ndani yake. Mwenye ajira anakatwa juu kwa juu, na ukiwa umesoma kwa mkopo wa Bodi unakatwa asilimia 15 kabla hujauona mshahara. Asiye na ajira anaangukia mikopo ya kausha damu, ambako rehani ni kitambulisho, kadi ya benki na namba za simu za ndugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni. Kwenye vikundi vya mama zetu, wanachama wanadhaminiana wao kwa wao, kwa hiyo mmoja akikimbia Ukerewe, wenzake tisa wanakuwa kaka mkubwa mwenye ng'ombe. Wilaya nzima inaweza kuwa na watu waliofilisika na Mahakama Kuu isipokee hata ombi moja.

Wengine wamebadilisha utaratibu. Waingereza walioturithisha ile ya 1914 waliifuta zamani. Kwao tangu 2004 mtu wa kawaida aliyetangazwa mufilisi huachiwa moja kwa moja baada ya mwaka mmoja, isipokuwa awe amefanya hila. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya 1930 kama yetu, ikaibadilisha 2015, na ndani ya sheria mpya waliweka mlango wa mtu asiye na mali kabisa, mwenye madeni yasiyozidi shilingi milioni 4 za kwao: asimamishiwe udai kwa miezi 12, kisha madeni hayo yafutwe. Lakini hata huko, mwenye rehani yuko nje ya foleni. Hilo hakuna nchi niliyosoma habari zake iliyoligusa.

Kwetu, katika utaratibu wa 1930, hakuna kuachiwa kwa kupita muda. Lazima uombe, na hakimu anaangalia ulivyoishi: kama hukutunza vitabu vya hesabu, kama uliendelea kukopa ukijua huwezi kulipa, anaweza kukataa au kuahirisha. Madeni ya serikali na yale yaliyotokana na udanganyifu hayafutiki kirahisi. Na kabla hujaachiwa huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila kibali cha mahakama. Ukitaka kujua nani anashughulika na mambo haya serikalini, ni RITA, walewale wanaokupa cheti cha kuzaliwa. Herufi ya "I" katikati ya jina lao ni ya ufilisi, ingawa sijawahi kuona mtu amepanga foleni pale kwa ajili hiyo.

Mjomba bado yuko Ukerewe. Anavua dagaa sasa, kwa mtumbwi wa mtu mwingine, na yeye na kaka yake wanazungumza tangu msiba wa bibi. Hilo la Nyanza, majengo na vinu vyake viliuzwa vipi kulipa madeni na vikaishia mikononi mwa nani, ni habari ndefu inayojitegemea. Naikusanyia makaratasi, nitaileta.